Uchambuzi wa kisa: Mtoto "hapendi kula", kumbe kashiba maziwa

Kabla ya yote

Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na hii familia wameniruhusu niandike habari yao ili wazazi wengine wafaidike. Majina, mahali, kazi za wazazi na chochote cha kuwatambulisha nimetoa, umri wa watoto nimeusogeza kidogo. Nitawaita Mama, Baba, Bibi (mama yake Mama), Mkubwa ana miaka mitatu na nusu, na Mdogo ana miezi tisa, bado ananyonya.

Hali ilivyokuwa

Wazazi wote wanafanya kazi. Bibi anakaa na watoto mchana siku kadhaa za wiki, siku nyingine Mkubwa yuko chekechea. Majira ya baridi yote walikula kile watu wengi waliochoka wanakula, yaani tambi, mkate, vipande vya kuku vya paketi vinavyoingia kwenye oveni vikiwa na barafu, na tunda pale mtu akikumbuka. Wala sio familia isiyojua chakula bora ni kipi, Mama angeweza kunitajia makundi ya vyakula bila kusita, na hilo nalitilia mkazo maana kila ushauri waliopewa kabla yangu ulikuwa ni kuwafundisha kitu wanachokijua tayari.

Majira ya kuchipua yalipoanza, mboga mpya mpya zikajaa sokoni, wakaamua wanaanza upya. Ndo ile hamu ya msimu, mnaijua. Jumamosi wakarudi na mifuko imejaa spinachi, asparaga, figili, letusi, vitunguu vya majani, njegere za kwenye maganda. Mama akabandika ratiba ya milo saba kwenye mlango wa friji, kila siku chakula kipya.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza walipika kweli. Asparaga za kuoka, saladi ya figili, supu ya kijani ya kusaga. Mkubwa akaangalia supu, akasukuma bakuli, akasema anataka maziwa. Akapewa maziwa ili asilale njaa. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya pili Baba alichelewa kazini siku tatu, ratiba ikalala, na ilipofika Ijumaa letusi kwenye droo ya chini ya friji imegeuka maji ya kahawia ndani ya mfuko wake, asparaga zimelegea, njegere bado ziko kwenye maganda maana nani ana muda wa kumenya. Vikatupwa. Wakarudi kwenye kuku wa paketi, safari hii na majuto juu.

Sasa kuna kitu kingine kilikuwa kinaendelea ambacho hakuna aliyekihusisha na chakula. Siku zilikuwa zinarefuka. Baridi yote giza lilikuwa linaingia mapema, watoto wako ndani, chakula saa kumi na mbili jioni. Jua likianza kuchelewa kuzama na saa zikasogezwa mbele (huku kwetu saa husogezwa mbele baridi ikiisha), Mkubwa akawa hataki kuingia ndani, nje kweupe, watoto wenzake wako nje, na chakula kikasogea hadi saa mbili usiku bila mtu kuamua. Mtoto wa miaka mitatu saa mbili usiku hana njaa tena, ana usingizi na hasira. Na huko nje alikuwa anapewa biskuti na chupa ya maziwa "ya kushikilia".

Alafu kikaja kipimo. Kliniki ya kawaida, nesi akaona mtoto amepauka kidogo, wakapima damu, hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) gramu 10.3 kwa desilita. Kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 11 kuwa ni upungufu wa damu. Feritini, ile inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini, nayo ilikuwa chini. Daktari akaandika dawa ya matone ya chuma na akawaelekeza kwangu.

Mama alikuja amejiandaa kwa kulaumiwa. Kitu cha kwanza aliniambia ni "mwanangu hapendi mboga, nimejaribu kila kitu."

Tulichokigundua kwenye daftari

Badala ya kuongelea mboga niliomba waandike siku tatu kila kitu kinachoingia mdomoni mwa Mkubwa, na saa yake, maziwa yapimwe kwa mililita. Na Bibi aandike pia, sio kukisia. Watu wengi hapa wanaandika milo tu, vinywaji wanasahau kwa sababu kichwani mwao kinywaji sio chakula.

Daftari lilirudi likiwa na jibu. Chupa ya asubuhi akiamka, chupa chekechea, chupa saa kumi jioni na biskuti, chupa usiku, na siku za Bibi kikombe cha chai ya maziwa juu. Jumla ilikuwa inacheza kwenye mililita 900 hadi lita nzima kwa siku.

Fanya hesabu. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta ina kalori zaidi kidogo ya 600. Mtoto wa umri huu anahitaji kama 1,200 kwa siku nzima, kwahiyo nusu ya chakula chake cha siku kilikuwa kinanywewa, na ukiweka biskuti na juisi, tumbo halina nafasi ya kitu kingine. Huyu mtoto hakuwa mgumu wa kula, alikuwa ameshiba! Na maziwa pamoja na uzuri wake wote yana chuma kidogo mno, kama nusu miligramu kwa lita, wakati mahitaji yake ni miligramu 7 na akifika miaka minne inapanda hadi 10. Juu ya hapo kalsiamu ya maziwa inapunguza ufyonzwaji wa chuma kinacholiwa pamoja nayo, na tanini (zile zinazoipa chai ukakasi) za kwenye chai ya Bibi nazo zinafanya kazi hiyo hiyo.

Maamuzi na sababu zake

*Maziwa kwanza, mboga baadaye.* Tulikubaliana isizidi mililita 500 kwa siku, kwenye kikombe, na yakae mbali na mlo mkuu. Chupa iondoke kabisa. Kwanini kikombe? Kwa sababu chupa mtoto anatembea nayo, ananyonya bila kufikiri, kikombe anakaa, anakunywa, anamaliza. Nusu lita bado inampa kalsiamu nyingi ya siku, hakuna anayemnyima mifupa.

Hapa Bibi akagoma. "Mtoto analilia maziwa umnyime, ni roho gani hiyo?" Na mimi namwelewa, kwa kizazi chake mtoto mnene wa maziwa ndo mtoto aliyetunzwa. Baba alitaka kumpa amri, Mama akakataa, akasema mama yangu siwezi kumwekea sheria nyumbani anapotusaidia bure. Uamuzi wao, ambao nadhani ulikuwa wa busara kuliko chochote nilichosema mimi, ulikuwa kumpeleka Bibi kwa daktari wakati wa kuchukua dawa, asikie mwenyewe. Akarudi kimya, jioni ile ile akauliza "sasa hiyo saa kumi nimpe nini?" Wakakubaliana yai la kuchemsha au mkate wenye siagi ya karanga iliyopakwa nyembamba, na maji. Chai ikabaki ya Bibi.

*Saa ya kula irudi nyuma.* Chakula saa kumi na moja na nusu, alafu mtoto anaruhusiwa kutoka nje tena. Yaani badala ya kugombana na jua, mlo unakuwa katikati ya mchezo. Baba akifika anakula chake kilichopashwa. Hii iliwauma, walikuwa na picha ya familia nzima mezani kila jioni, wakaamua picha hiyo iwe Jumamosi na Jumapili.

*Sufuria moja, sio milo saba.* Nilishauri ile ratiba ya mlangoni itolewe. Wachague vyakula vitatu vinavyopikika ndani ya nusu saa, vyenye chuma, ambavyo Mdogo naye anaweza kula, wavizungushe. Kilichokuja kuwa mhimili ni dengu nyekundu zilizoparazwa na nyama ya kusaga, na naielezea kwa kirefu maana ndani yake mna karibu kila kitu.

Kitunguu kinakaangwa na nyama mpaka iwe kahawia, inaingia karoti iliyokwaruzwa, dengu zilizooshwa (hizi haziloweki, dakika 15 hadi 20 zimeiva), nyanya na maji. Nyama yenyewe ina chuma kinachofyonzwa kirahisi na pia inasaidia mwili kuchukua chuma cha dengu, kwahiyo nyama kidogo inafika mbali. Dengu zikishalainika, KABLA ya chumvi, inachotwa sehemu ya Mdogo na kupondwa kwa uma, mtoto wa chini ya mwaka hahitaji chumvi ya kuongezwa na yeye ndo mwenye hitaji kubwa la chuma nyumba nzima, miligramu 11 kwa siku, kuliko hata baba yake. Baada ya hapo chumvi na viungo vya wakubwa. Mwishoni kabisa moto ukizimwa inaingia pilipili hoho nyekundu iliyokatwa ndogo ndogo, kwa sababu vitamini C inaongeza ufyonzwaji wa chuma cha mimea na haipendi kuchemka muda mrefu. Na stroberi, ambazo ndo zilikuwa zinaingia msimu, zinawekwa kwenye sahani ile ile pamoja na dengu, sio baadaye kama zawadi ya kumaliza. Stroberi zina vitamini C nyingi, zikiwepo mlo mmoja na dengu zinafanya kazi, zikiliwa masaa mawili baadaye ni tunda tu tamu. Na zikiwa zawadi unamfundisha mtoto kwamba dengu ni adhabu.

*Hakuna kulazimisha.* Mzazi anaamua nini kinawekwa mezani na saa ngapi, mtoto anaamua ale au asile na kiasi gani. Kila mlo uwe na kitu kimoja anachokubali, hata kama ni mkate, na asipikiwe kingine akikataa.

Kilichotokea

Siku nne za mwanzo zilikuwa mbaya, sitaki kupamba. Mkubwa alililia chupa, akala mkate mtupu jioni mbili mfululizo, usiku mmoja akaamka saa nane akisema ana njaa na Mama akampa kikombe kidogo cha maziwa na ndizi huku analia yeye mwenyewe. Nilimwambia hiyo sio kushindwa, njaa ndo iliyokuwa inatafutwa.

Siku ya tano akala dengu. Sio kwa furaha, alikula tu, sahani ikaisha, akaomba kuongezewa stroberi, akakimbilia nje.

Dawa ilikuwa na visa vyake. Choo kikawa cheusi (ni kawaida kwa dawa ya chuma, lakini hakuna aliyewaambia wakashtuka), alafu kikawa kigumu, ikabidi waongeze maji na matunda. Matone wakawa wanayadondoshea nyuma ya mdomo na kumpigisha mswaki baadaye yasichafue meno. Na chupa ya dawa ilikuwa juu ya meza ya jikoni, hapo nilikuwa mkali kidogo, dawa ya chuma akiinywa mtoto kwa wingi inaweza kuua, kwahiyo inakaa juu, imefungwa, siku zote.

Kipimo cha marudio miezi miwili baadaye kilisoma 11.8. Daktari akasema dawa iendelee miezi mingine kujaza akiba, maana hemoglobini inapanda kwanza, akiba inafuata.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Nianze na kisichoweza kujulikana. Ile 11.8 ni ya dawa au ya chakula? Huwezi kutenganisha, na kwa upungufu uliofika pale dawa ndo hupandisha damu haraka. Ninachoweza kusimamia ni kwamba maziwa yangebaki lita moja, dawa ingeisha na mtoto angerudi pale pale.

Kilichobeba kazi kubwa ni maziwa na saa. Yaani vitu viwili ambavyo havina mapishi ndani yake. Wazazi wengi nikiwaambia hivi wanakata tamaa kidogo, walikuja wakitaka rasipi.

Mboga za majani? Hapo matokeo ni ya kawaida sana. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linataja walau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, na Mkubwa ukitoa matunda hajafika popote karibu. Spinachi hagusi. Mama aliumia kwa spinachi kuliko nyingine zote kwa sababu ya ile sifa yake ya kuongeza damu, na kusema ukweli sifa hiyo imepita kiasi, chuma kimo lakini mwili unachukua kidogo. Dengu na nyama zilikuwa zinamtosha.

Ila njegere. Hii haikuwa kwenye mpango wowote. Jioni moja Bibi alikaa kizingitini anamenya njegere za msimu, Mkubwa akaja kuangalia, akapewa ganda, akalipasua kwa kidole gumba, njegere zikaruka, akala moja mbichi. Ni tamu mno zikiwa zimechumwa siku hiyo, sukari yake inaanza kugeuka wanga mara tu zikishatoka shambani. Tangu hapo anazila, kwanza mbichi tu, baadaye hata zilizopikwa. (Mdogo zake zinapondwa, njegere nzima inaweza kumkaba.) Sidhani siri ni njegere, nadhani ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa anamwangalia mdomoni akisubiri ameze. Kwenye meza ile ya supu ya kijani watu wazima wawili walikuwa wameacha kula wanamtazama yeye.

Msimu ukipita wanatumia za friza, na hilo nililipigania, Mama alikuwa anaona mboga ya friza ni kushindwa. Zinagandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, lishe iko vizuri, na hazigeuki maji ya kahawia kwenye droo. Mbichi sasa wananunua aina mbili tu kwa wiki.

Kilichokufa kabisa ni kupika Jumapili kwa ajili ya wiki nzima. Baba ndo alileta wazo, akanunua na jiko la umeme la kupika taratibu, masaa matano jikoni watoto wanalia, Jumapili imeisha. Na kuna jambo la hatari lilikaribia hapo, alitaka kuweka maharage mekundu makavu moja kwa moja kwenye lile jiko. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo inahitaji mchemko mkali wa dakika 10 walau, joto la chini haliimalizi. Yalowekwe, maji yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu kwenye sufuria, ndo yaingie humo. Sasa wanachofanya ni rahisi, wakipika dengu Jumanne wanapika mara mbili ya kipimo na nusu inaingia friza. Wali nao ukibaki unapozwa haraka, unaingia friji ndani ya saa moja, unaliwa kesho yake umepashwa mpaka unatoa moshi, ukilala nje mezani unatupwa kwa sababu sumu ya bakteria wake haiondoki kwa kupasha.

Kutolazimisha kulifanya kazi kwa Mama, kwa Baba nusu nusu. Bado anasema "kijiko kimoja tu kwa ajili ya baba", na mtoto anajua akifunga mdomo mchezo unaanza. Siku za Baba peke yake mlo unachukua muda mrefu zaidi, hilo Mama aliliona mwenyewe bila mimi kusema.

Walipo sasa

Kuku wa paketi yupo bado, Ijumaa, na sijamgusa. Bibi anatoa biskuti moja kwa siri ambayo kila mtu anaijua.

Kinachofuata ni Mdogo, anakaribia mwaka mmoja na maziwa ya ng'ombe kama kinywaji yanaanza hapo. Wamekubaliana yaanze na kikombe siku ya kwanza, chupa isiingie kabisa, mwisho nusu lita, na Bibi ndo mwenye kikombe cha kupimia.